Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia: Mashine za Kupima Moyo na Mapafu Zisiondoke na Mradi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara, Katibu Mtendaji wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na wakuu wa taasisi zote zinazofanya utafiti wa tiba nchini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi katika hospitali ya serikali mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Niliwahi kuwa mpimaji katika mradi wa utafiti, kazi yangu ikiwa kupima pumzi kwa spirometa na umeme wa moyo kwa ECG. Leo ninahudumia wagonjwa wa aina ileile bila mashine yoyote kati ya hizo. Ombi langu ni kwamba utafiti wowote unaopima moyo au njia za hewa za wananchi wetu usipewe kibali mpaka uonyeshe, kwa fedha na kwa jina la mhusika, jinsi mashine, vifaa na ujuzi vitakavyobaki hospitalini baada ya mradi kufungwa, na kwamba Wizara nayo ijiandae kuvipokea na kuviendesha.

Nianze na mgonjwa, kwa kuwa ndiye anayetukutanisha. Mtu anapofika hospitalini akisema kifua kinambana, anachoka akipanda kilima kidogo, na usiku hawezi kulala chali, sababu zinaweza kuwa nyingi. Inaweza kuwa pumu. Inaweza kuwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, uliojengwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi. Inaweza kuwa makovu yaliyoachwa na kifua kikuu kilichokwisha kupona. Inaweza pia kuwa moyo: vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyokazana, au misuli iliyolegea hata damu ikarudi nyuma na maji yakajaa mapafuni. Sikio na stetoskopu husaidia, na daktari mzoefu hubahatisha vizuri, lakini magonjwa haya hufanana mno katika dalili, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Pasipo vipimo, mgonjwa hupewa vidonge vya salbutamol, dawa ya kupanua njia za hewa, na antibiotiki, akarudishwa nyumbani, akarudi tena baada ya wiki chache akiwa vilevile.

Wanaonisumbua zaidi moyoni ni wasichana na akina mama vijana wanaotibiwa pumu kwa miaka huku ugonjwa wao ni vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Homa hiyo hutokana na maambukizi ya koo ya utotoni, yale ambayo familia huyachukulia kuwa mafua tu. Mwili unapopigana na bakteria wa streptokoka huweza kuishambulia na vali ya moyo, na madhara hujikusanya kimyakimya. Msichana huyo akishika mimba, wingi wa damu mwilini huongezeka, vali iliyobana haiwezi kuupitisha, na anafikishwa kwetu akihema kama aliyekuwa akizama, saa ambayo tunachoweza kumfanyia ni kidogo sana. Eko moja ya moyo, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, inayochukua chini ya nusu saa, ingemtambua mapema.

Nchi hii si mgeni wa sayansi ya moyo. Mwaka 1948 mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies, akifanya kazi Kampala, aliueleza ulimwengu juu ya ugonjwa wa moyo ambao ukuta wake wa ndani hufanya makovu magumu, ugonjwa ambao hadi leo vitabu vya udaktari vikiutaja huitaja Uganda. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988, na Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015. Sioni, basi, sababu ya kujiona kuwa watu wa kuletewa elimu tu. Tumeizalisha wenyewe, kwa vifua vya watu wetu.

Mfano mkubwa wa karibu ni wa Gulu. Huko kaskazini, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa eko ili kuwatafuta wale ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili yoyote. Kati yao walipatikana 818, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walioingizwa katika jaribio: nusu wakadungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Miongoni mwa waliodungwa, watoto 3 tu ndio waliozidiwa. Miongoni mwa wasiodungwa, 33. Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei ndogo. Kilichokuwa kigumu ni kumjua mtoto wa kumpa, na hilo linawezekana kwa eko peke yake. Tafiti nyingine za Gulu zimeonyesha kwamba hata wauguzi, wakifunzwa vyema, wanaweza kutumia mashine ndogo ya ultrasaundi inayoshikwa mkononi kuchuja watoto wa kupelekwa kwa bingwa.

Kwa hiyo tunajua kitu ambacho dunia haikukijua kwa uhakika kabla ya watoto wa Gulu kulala kitandani na kuvua mashati. Swali ninalowaomba mjiulize ni hili: mtoto wa Busia, wa Bududa au wa Moroto mwenye vali iliyoanza kuharibika atapimwa na nani mwaka huu, na kwa mashine ipi?

Kwa upande wa mapafu hali ni hiyohiyo. Utafiti uliofanyika wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima kwa spirometa watu wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na kukuta kwamba asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Zaidi ya hapo, kundi kubwa zaidi la waliokutwa nao lilikuwa la umri wa miaka 30 hadi 39, wakati vitabu tulivyosomea vilituambia kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wavutaji sigara. Wanawake waliumwa kwa kiasi kinachokaribiana sana na wanaume. Moshi wa kuni jikoni unatajwa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuingia katika jiko la udongo lisilo na dirisha wakati wa kupika posho. Kama spirometa isingefika Masindi, watu hao wangeendelea kuitwa wenye kikohozi cha kawaida, na naamini wenzao wengi katika wilaya nyingine wanaitwa hivyo leo.

Naomba mniruhusu nieleze kipimo hiki kinavyofanyika, maana nimeona kwamba wanaopanga bajeti mara nyingi hudhani mashine ikishanunuliwa kazi imekwisha. Mgonjwa huketi wima, miguu ikikanyaga sakafu, pua ikibanwa kwa kibanio laini. Anavuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, anafunga midomo kuzunguka kipande cha mdomo, kisha anapuliza kwa nguvu zake zote na kuendelea kupuliza hata anapohisi hana kitu tena. Mpimaji husimama karibu akimhimiza: puliza, puliza, endelea, bado, bado, endelea. Mtu mzima aliyeziba njia za hewa huhitaji sekunde 6 au zaidi kumaliza hewa yake, na sekunde hizo ni ndefu mno kwa mtu anayehema. Lazima apulize vizuri angalau mara 3, na mipulizo miwili iliyo bora isipishane kwa zaidi ya mililita 150. Halafu anapewa salbutamol ya kuvuta, anapumzika kama robo saa, na anaanza upya. Kinachosomwa ni uwiano wa hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote aliyoitoa. Ukiwa chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia zimeziba.

Mama mmoja muuza samaki alipuliza mara nne bila kufanikiwa kwa sababu nilikuwa nikimwelekeza kwa haraka, naye kwa adabu akiitikia kila neno. Mwenzangu alimweleza upya kwa Kiswahili cha sokoni, cha polepole, akimwambia ajaze kifua kana kwamba anataka kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Mpulizo wa tano ulikuwa safi. Ujuzi wa aina hiyo haumo ndani ya kasha la mashine, na hauji kwa semina ya siku moja. Unajengwa kwa kupima watu wengi, na ukikaa bila kutumika unapotea.

Kuna vitu vidogo navyo ambavyo bila hivyo mashine ni mapambo. Kila asubuhi spirometa huhakikiwa kwa bomba la lita 3. Ikisoma nje ya asilimia 3 ya kipimo hicho, majibu ya siku nzima hayaaminiki. Kila mgonjwa huhitaji kichujio chake, na katika nchi yenye kifua kikuu hilo si jambo la kujadiliwa, kama ambavyo chumba kinapaswa kuwa na madirisha yanayofunguka na mwenye kifua kikuu kisichotibiwa hapaswi kupulizishwa kabisa. ECG huhitaji elektrodi 10 zinazoshika vizuri ngozi, jeli, na karatasi yake maalumu. Karatasi hiyo hufifia ikikaa kwenye joto au mwanga. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyetunza ECG yake ndani ya mfuko wa plastiki kwa miaka, akiikunja kwa heshima kama hati ya shamba, na nilipoifungua haikuwa na mstari hata mmoja unaosomeka.

Katika hospitali niliyokuwa nikipimia watu wa mradi, vichujio vilikwisha miezi michache baada ya mradi kufungwa. Hakukuwa na mtu wa kuagiza vingine, kwa sababu havikuwa katika orodha ya vitu tunavyoletewa na bohari ya taifa ya dawa. Mashine ikafungiwa kabatini. Wapimaji wenzangu, waliokuwa kwenye mikataba ya mradi, wakatawanyika. Mmoja anauza dawa dukani, mwingine amevuka mpaka. Sisemi kwamba watafiti wale walikuwa watu wabaya. Walifanya kazi yao kwa uaminifu na majibu yao yalichapishwa. Lakini hakuna aliyekuwa amewataka wafikirie siku ya pili yake, na hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa imekaa tayari kupokea.

Msingi wa kuwataka wafikirie upo tayari. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti unaohusisha watu, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka mipango ya huduma baada ya jaribio ifanywe kabla jaribio halijaanza, na linawapa washiriki haki ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti. Kamati zetu za maadili hulitaja katika barua zao. Tunachohitaji ni litekelezwe katika jambo la mashine na vipimo, si katika dawa tu. Mshiriki anayepulizishwa spirometa na kupigwa eko apewe majibu yake mkononi, yameandikwa kwa lugha anayoielewa, pamoja na jina la mahali pa kwenda akikutwa na tatizo. Kama hapo mahali hapapo, mradi usaidie pawepo. Wafadhili wengi wa utafiti hukubali gharama hizi zikiombwa tangu mwanzo. Zikiombwa mwishoni huwa fedha zimekwisha.

Sasa nigusie jambo ambalo huenda likaonekana la kitaalamu mno kwa barua ya wazi, lakini kwangu ndilo kiini cha utafiti wa vipimo hivi. Spirometa haitoi neno "mzima" au "mgonjwa" kwa kupima hewa peke yake. Inalinganisha hewa hiyo na ile inayotarajiwa kwa mtu wa umri huo, urefu huo na jinsia hiyo. Matarajio hayo yametoka wapi? Milinganyo iliyotumika zaidi duniani, ile ya mwaka 2012 iliyotayarishwa na Mpango wa Kimataifa wa Utendaji wa Mapafu, ilijengwa kwa vipimo vya watu zaidi ya 74,000 wenye afya kutoka nchi 26. Waafrika wa kusini mwa Sahara hawakuwa na kundi lao ndani yake. Mpimaji wa Uganda akifungua orodha ya mashine alilazimika kuchagua kati ya Mzungu, Mmarekani mweusi, Waasia wa aina mbili, au "wengineo".

Nimekaa mbele ya orodha hiyo nikiwa na mgonjwa aliyechoka kupuliza. Mpulizo ni uleule. Nikichagua kundi moja mashine inasema mapafu yake ni madogo kuliko inavyopaswa, nikichagua lingine inasema hana tatizo. Kwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe au wa saruji anayetaka kuthibitisha kwamba vumbi limemdhuru, chaguo langu la sekunde mbili linaweza kuamua fidia yake. Mwaka 2023 Chama cha Kifua cha Marekani kilipendekeza kuachana na makundi ya rangi na kutumia mlinganyo mmoja kwa watu wote. Naunga mkono hatua hiyo, kwa sababu kumpunguzia mtu mweusi matarajio ya mapafu yake kabla hajapuliza ni desturi yenye historia chafu, iliyotokea zama za utumwa. Hata hivyo mlinganyo huo mmoja nao haujajengwa kwa vifua vya Soroti wala Kabale, na mtu asidhani kwamba kufuta jina la rangi kumetupatia vipimo vyetu.

Wala sitaki tuvitengeneze kwa pupa. Tukipima watu elfu kadhaa ovyo na kutangaza wastani wao kuwa ndio uzima wa Mganda, tutakuwa tumehalalisha moshi wa jikoni, nimonia za utotoni, uzito mdogo wa kuzaliwa na utapiamlo, mambo ambayo yote hudumaza mapafu. Mapafu madogo ya umaskini yataitwa ya kawaida, na mgonjwa hatapata tiba. Kazi hii inataka watu wasiovuta sigara, wasio na historia ya kifua kikuu, ambao kiasi cha moshi walichoishi nacho kimerekodiwa kwa uangalifu, kutoka mabonde na milima, mjini na vijijini, watoto na wazee. Ni kazi ya miaka, na ni ya serikali kuisimamia, kwa sababu mradi wa nje wa miaka mitatu hauna sababu ya kuibeba.

Hoja hiyo inahusu hata kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, ambacho vituo vingi vya afya vilikipata wakati wa korona. Watafiti wa Michigan nchini Marekani walionyesha mwaka 2020 kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa hicho kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya weupe. Mwanga wake hupita vibaya katika ngozi nyeusi. Sisi ndio tunaokitumia kwa ngozi hizo kila siku, na katika Kabale kwenye takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mtu mzima wa afya husoma chini kidogo kuliko wa ufukweni mwa ziwa. Utafiti wa kuhakiki vifaa hivi ungepaswa kufanyika hapa kabla ya kwingineko kokote.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, nawaomba Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia muweke katika masharti ya kibali mpango wa makabidhiano ambao hospitali husika imeutia saini, unaotaja mashine, vifaa vya matumizi vya angalau miaka miwili, na wapimaji watakaobaki. Wizara ya Afya iunde nafasi ya kudumu ya mpimaji wa utendaji wa moyo na mapafu katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa maana hakuna makabidhiano yatakayodumu kama anayekabidhiwa ni kabati. Vichujio, vipande vya mdomo, elektrodi na karatasi za ECG viingizwe katika orodha ya bohari ya taifa. Taasisi ya Moyo na Taasisi ya Mapafu zipewe fedha za kufundisha wapimaji hao na kukagua majibu yao kila robo mwaka, maana mpimaji asiyekaguliwa hulegea taratibu bila mwenyewe kujua.

Kabla ya mwisho wa Desemba, kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, serikali hupeleka Bungeni waraka wa mfumo wa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Nafasi ya mpimaji mmoja kwa kila hospitali ya mkoa na kifungu cha vifaa vyake vinaweza kuandikwa katika waraka huo mwaka huu. Spirometa niliyoitaja ingali kabatini, na bomba lake la lita 3 lipo. Nimelikagua mwenyewe, halijapasuka wala halivuji. Vikija vichujio Jumatatu, Jumanne nitaanza kupima.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mpimaji, mashariki mwa Uganda